Hotuba Juu ya Maradhi ya Koo Yaambukizayo Watoto

(Hotuba hii ilisomwa barazani mbele ya wazee wa mji, walimu, na wazazi wa watoto wa shule. Tumeipiga chapa kwa ajili ya wale waliokuwa mbali siku ile, na kwa wale waliotaka kuisoma tena kwa utulivu.)



Kwanza yanipasa kukiri jambo moja. Mimi si daktari wala si tabibu. Mimi ni karani. Kazi yangu katika zahanati ni kuandika jina la mgonjwa, umri wake, mji atokako, anachougua, na dawa aliyopewa. Daftari moja likijaa, nafungua jingine. Mambo nitakayowaelezeni nimeyapata kwa madaktari na wauguzi ninaofanya kazi pamoja nao, na mengine katika vitabu, na mengine nimeyapata nyumbani mwangu kwa njia ambayo sikuitaka. Nitafika huko.

Habari yenyewe ni ya koo. Najua wako watakaonung'unika mioyoni na kusema, "Karani ametutoa mashambani ili atuambie habari ya koo? Koo huuma, kisha hupona." Ni kweli, ndugu zangu, huuma kisha hupona, wala sitabishana nanyi. Nasema tu kwamba katika kupona huko ndiko kulikofichwa hila ya maradhi haya.

Mtoto akisema koo linamuuma, sababu zaweza kuwa nyingi. Katika watoto kumi waletwao kwa maumivu ya koo, yapata wawili au watatu tu ndio wenye maradhi ninayotaka kuyasema. Katika waliosalia, walio wengi wana virusi, yaani vijidudu vya namna nyingine vilivyo vidogo mno, kama vile viletavyo mafua. Mtoto wa namna hiyo utamwona anakohoa, makamasi yanamtiririka, sauti imemkauka, na pengine macho yake ni mekundu. Huyo hahitaji dawa kali. Maji ya kunywa, uji, na kupumzika siku chache vyamtosha. Nasema haya mapema kwa sababu nawajua watu wa mji wetu, na mimi ni mmoja wao: tukisikia kwamba iko dawa, tutaitaka kwa kila kikohozi, na asipotupa muuguzi tutainunua dukani.

Basi hao wawili au watatu wana nini? Wana bakteria, yaani kijidudu kilicho hai kisichoonekana kwa macho ila kwa darubini. Jina lake ni streptokoko. Aliyelitunga jina hilo ni Theodor Billroth, daktari mpasuaji aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Vienna, mwaka 1874. Alilitunga kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja lasema habari ya kitu kilichosokotwa kama mnyororo, na la pili maana yake ni punje. Na kweli ukitazama katika darubini huoni punje moja peke yake, bali nyingi za mviringo zilizoshikana, moja nyuma ya nyingine, kama shanga zilizotungwa katika uzi. Mimi nilionyeshwa mara moja na mpimaji wa maabara, nikastaajabu, maana kwa uzuri wafaa kuvaliwa shingoni. Na kumbe kazi yake ni shingoni vilevile, lakini kwa upande wa ndani.

Vijidudu vya jamii hii ni vya namna nyingi, wala si vyote vibaya. Mwaka 1933 bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, Rebecca Lancefield, aliyekuwa akifanya kazi New York, alionyesha jinsi ya kuvigawa katika makundi, na kila kundi likapewa herufi yake. Kundi la A ndilo adui mkubwa wa koo la binadamu. Mkimsikia daktari anataja "kundi A," mjue anasema habari ya huyu.

Makao ya kijidudu hiki ni mwili wa mtu. Hakiletwi na mbu, wala hakitoki mtoni. Husafiri katika mate na makamasi. Mtoto mgonjwa akikohoa, au akipiga chafya, au hata akisema kwa nguvu karibu na mwenzake, vitone vidogo huruka, naye mwenzake huvivuta. Kadhalika kikombe kimoja kinachozunguka darasa zima, kijiko kinachotoka kinywani mwa mmoja kuingia kwa mwingine, na mkono uliofuta pua kisha ukamega ugali katika sinia ya watu sita. Tena chakula chenyewe chaweza kukibeba. Mwaka 1911 katika mji wa Boston, Marekani, watu wengi sana waliugua koo kwa mfululizo, na walipochunguza sana waliona kwamba chanzo ni maziwa mabichi. Basi wale wanaowacheka mama zetu kwa kuchemsha maziwa mpaka yafure na kumwagika, waache kucheka.

Watu husema koo limeletwa na maji ya baridi, au karanga mbichi, au umande wa alfajiri. Mimi pia nililelewa hivyo. Lakini maji ya baridi hayazai kijidudu. Kinachotokea ni kwamba wakati wa baridi na mvua tunajifungia ndani, madirisha yamezibwa, watoto wanne wamelala mkeka mmoja na shuka moja, na pumzi ya mmoja ni pumzi ya wote. Ndiyo maana maradhi haya hupenda nyumba zilizosongamana na mabweni ya shule. Na watoto wa miaka 5 hadi 15 ndio huyapata zaidi, ingawa mtu mzima naye hasalimiki, hasa mwalimu na mama mwenye watoto.

Sasa dalili zake. Mtoto akiisha kuambukizwa hupita siku mbili mpaka tano haonyeshi kitu. Halafu ugonjwa huja kwa ghafula. Asubuhi amekwenda shule akikimbia, jioni hataki chakula anachokipenda, hata mate yake kuyameza ni taabu. Homa yapanda. Kichwa chauma. Mtoto mdogo aweza kulalamikia tumbo kuliko koo, na kutapika, hata mama akadhani ni chango. Mwite mlangoni penye mwanga, mwambie afunue kinywa na kusema "aaa," nawe ukandamize ulimi polepole kwa mpini wa kijiko kisafi. Utaona mafindofindo yamevimba na kuwa mekundu sana, na mara nyingi yana madoa meupe au usaha wa manjano juu yake. Pengine juu ya kaakaa utaona vidoadoa vyekundu kama alama za sindano. Kisha mguse chini ya taya, upande wa mbele wa shingo, utakuta tezi zimevimba, naye atajikunyata kwa maumivu.

Na kisichokuwapo nacho ni dalili. Hana mafua. Hakohoi. Muuguzi mmoja alinifundisha hivi: koo kali pamoja na homa bila kikohozi, hilo ulitilie shaka. Lakini hata daktari mwenye macho mazuri hawezi kuwa na hakika kwa kutazama tu; mahali penye maabara huchukua pamba safi, wakapangusa mafindofindo, wakapima. Mahali pasipo maabara hutegemea dalili hizo na umri wa mtoto.

Wengine huota vipele vidogo mwili mzima. Vitabu vya Ulaya husema ngozi huwa nyekundu, lakini katika ngozi nyeusi kama yetu wekundu huo hauonekani upesi. Ni afadhali kupapasa kwa mkono: ngozi hukwaruza kama msasa wa seremala. Na ulimi huwa mwekundu wenye vinundu. Hayo ni maradhi yaleyale, ila kijidudu kimetoa sumu iliyoenea mwilini.

Jambo jingine, kabla sijasahau. Katika nchi yetu homa ikija kila mtu husema malaria. Ni vema kupima malaria, tena msiache kupima. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, msirudi nyumbani mkiwa mmeridhika. Mwambieni mtoto afunue kinywa.

Tena msichanganye maradhi haya na dondakoo. Dondakoo huletwa na bakteria mwingine kabisa, na kooni hufanya utando wa rangi ya kijivu ulioshikamana na nyama, shingo yaweza kuvimba sana, na mtoto akakosa pumzi. Kwa hilo ipo chanjo, ile ile sindano ya watoto wachanga wapewayo wakiwa na majuma 6, 10 na 14, msiikose. Kwa streptokoko wa koo chanjo haijapatikana mpaka leo. Na mtoto yeyote anayeshindwa kupumua, au mate yanamdondoka kwa kuwa hawezi kumeza kabisa, au hawezi kufunua kinywa, huyo si wa kungoja asubuhi. Achukuliwe saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane na baiskeli ni ya kuazima.

Nimesema koo hili hupona. Hata likiachwa bila dawa, homa hushuka yenyewe baada ya siku chache, na katika juma moja mtoto amekwisha kurudi uwanjani. Sasa nafika nyumbani kwangu.

Dada yangu alinipa mwanawe akae nami ili asome, kwa kuwa shule ya kwetu ni karibu. Alikuwa na miaka 11. Siku moja alirudi shuleni akasema, "Mjomba, koo." Nikamtazama, nikaona madoa. Katika sanduku langu nilikuwa na vidonge vilivyobaki nilipougua mimi mwaka uliotangulia. Nikampa. Siku ya kwanza, siku ya pili, na siku ya tatu akaomba chakula mwenyewe. Vidonge vikaisha, na mtoto akaenda shule. Nami nikajiona tabibu.

Juma la tatu akaanza kuchechemea. Goti limevimba, lina moto. Tukasema ni mpira, wamemkwatua. Tukamkanda kwa maji ya moto. Baada ya siku mbili goti likapoa, nikafurahi, lakini jioni ile ile kifundo cha mguu wa pili kikavimba, kisha kiwiko. Maumivu yanahama kama mgeni anayetafuta pa kulala. Homa ikarudi. Usiku mmoja akaniamsha, ameketi, hataki kulala chali. Akaniambia, "Mjomba, moyo unakimbia, nami nimekaa."

Hospitalini daktari alimsikiliza kifuani muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akaniuliza kama mtoto aliugua koo majuma machache yaliyopita, na kama aliletwa zahanati. Nilirudi kazini, nikafungua daftari langu la mwezi ule, ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba labda nilimwandika nikasahau. Jina lake halikuwamo. Mimi niandikaye majina ya watoto wa watu wote, la mtoto wa nyumbani mwangu sikuliandika.

Maradhi yaliyompata huitwa homa ya baridi yabisi. Na si kwamba kijidudu kimetoka kooni kikaenda gotini na moyoni. La. Jambo lenyewe ni la ajabu zaidi. Mwili wetu una askari wake, walio katika damu, nao hujifunza kumtambua adui kwa mavazi yake. Streptokoko amevaa mavazi yanayofanana na nyama ya moyo wetu na ya maungo yetu. Fikirini mwizi ameingia mji amevaa kanzu nyeupe, na askari wakaamrishwa wampige kila mwenye kanzu nyeupe. Mwizi amekwisha kufa au kukimbia, lakini askari bado wanazunguka na marungu, na wenye nyumba nao wamevaa kanzu. Ndiyo maana maradhi haya huchelewa, kwa kawaida majuma mawili mpaka manne baada ya koo, wakati ambapo kila mtu amekwisha kulisahau.

Maungo hupona, tena bila kilema. Moyo ndio hausahau. Ndani ya moyo mna vilango vinavyofunguka na kufunga ili damu iende mbele isirudi nyuma. Vilango hivyo huvimba, kisha hufanya kovu, vikawa vigumu, vikashikana au vikashindwa kufunga sawasawa. Koo likija tena, askari huamka tena, na kovu huongezeka. Mtoto aweza kukua akiwa na moyo huo asijue, mpaka siku moja anapanda kilima na pumzi inamwishia. Na wasichana ndio nawaonea huruma zaidi, maana wengi hugundulika wakati wa mimba, damu inapoongezeka mwilini na kilango kilichobanana kikashindwa kuipitisha. Mama amefika na mimba ya miezi saba, hapumui vizuri, na asili ya yote ni koo la utotoni.

Watoto wengine hutikisika mikono na uso bila kutaka, kalamu inawaanguka, mwandiko unaharibika, wanacheka na kulia bila sababu. Hiyo nayo yaweza kuwa dalili ya homa hiyo hiyo. Walimu, nawasihi: mtoto aliyekuwa akiandika vizuri, ghafula mwandiko wake ukawa kama nyayo za kuku, msimchape kabla hamjauliza. Si upuuzi, wala si pepo.

Pia mafigo yaweza kudhurika. Yapata siku kumi au zaidi baada ya koo, mtoto huamka uso umevimba, hasa kando ya macho, na mkojo wake una rangi ya chai ya rangi. Kijidudu hiki hiki kikiingia katika vidonda vya ngozi chaweza kuleta hayo. Kwa hiyo vidonda vya miguu ya watoto navyo vioshwe kwa sabuni na kutazamwa.

Si kila koo la streptokoko huishia hivyo. Ni watoto wachache tu. Lakini hakuna mtu awezaye kusimama shuleni na kunyosha kidole kusema ni huyu na yule.

Sasa tuseme habari ya dawa, na hapa ndipo ninapoona uchungu, kwa sababu dawa ipo, ni ya zamani, wala si ya thamani kubwa. Ni penisilini. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, na baadaye Howard Florey na Ernst Chain na wenzao wa Oxford wakaifanya iweze kutumika kwa wagonjwa; hao watatu walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 1950 madaktari waliokuwa katika kambi ya askari wa ndege huko Wyoming, Marekani, walitangaza jambo kubwa: askari wenye koo la streptokoko waliopewa penisilini walikingwa na homa ya baridi yabisi. Na ikaonekana tangu hapo kwamba hata dawa ikianza siku ya tisa tangu koo kuuma, bado yaweza kumkinga mtu. Siku tisa, ndugu zangu! Mimi nilikuwa nazo zote, na zahanati ni mwendo wa nusu saa kutoka kwangu.

Dawa hiyo hutolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ni vidonge vya penisilini, au amoksilini, kwa siku 10 kamili. Siku ya tatu mtoto atakuwa anacheza, naye mama ataona hasara kuendelea kumpa dawa mtu mzima wa afya. Asiache. Vijidudu vimepungua, havijaisha. Ya pili ni sindano moja ya penisilini ya kukaa mwilini muda mrefu, ipigwayo tako au paja. Inauma, sitawadanganya. Lakini ni moja tu, wala hakuna vidonge vya kusahauliwa. Mtu ambaye penisilini humdhuru, aliyewahi kuvimba au kukosa pumzi baada ya kupewa, amwambie muuguzi kabla ya kupigwa, atapewa nyingine. Na jambo la kushukuru ni kwamba kijidudu hiki, miaka yote hii, hakijajifunza kuishinda penisilini.

Baada ya siku moja ya dawa, mtoto hawaambukizi wenzake tena. Asipotumia dawa aweza kuwaambukiza kwa majuma mawili au matatu. Maji ya moto yenye chumvi ya kusukutua, asali kwa aliyepita mwaka mmoja, chai ya tangawizi, hivi vyote hupunguza maumivu, nami sivikatazi. Havikiui kijidudu.

Wazee wangu, nitasema neno ambalo labda halitapendeza. Ni habari ya kimeo. Katika miji mingi ya kwetu mtoto akiugua koo au akikohoa sana, husemwa kimeo kimerefuka, ni lazima kikatwe. Aletwa mkata kimeo, na wembe au kisu kilichopindwa, na kile kinyama kinachoning'inia kooni kikakatwa. Nawajua waliokatwa wakapona, nao ni mashahidi wa mkata kimeo mpaka leo. Lakini walipona kwa sababu koo hupona, kama nilivyosema. Kimeo huvimba kwa sababu koo limevimba, kama mlango unavyolowa nyumba ikivuja. Ukiung'oa mlango mvua haikomi. Na waliokatwa wakatokwa damu usiku kucha, au wakapata pepopunda, au wakaambukizwa maradhi ya damu kwa wembe uliotumika kwa wengine, hao hawaji barazani kusema. Katika daftari langu wamo. Siwatukani wazee walioifanya kazi hiyo kwa nia njema. Nasema tu kwamba streptokoko akae katika mafindofindo au asikae, kukata kimeo hakumwondoi.

Mpwa wangu hakufa, Mungu ashukuriwe. Tangu wakati ule hupigwa sindano ya penisilini kila baada ya majuma manne, ili koo lisimrudie na kuongeza kovu, na daktari amesema zitaendelea mpaka awe mtu mzima, pengine na zaidi. Watu wakaniuliza, "Mtoto haumwi, sindano za nini?" Hata dada yangu aliuliza. Nikawajibu kwa habari iliyotoka kwa jirani zetu. Huko kaskazini ya Uganda madaktari walichagua watoto 818 wa miaka 5 mpaka 17, ambao moyo wao ulipotazamwa kwa mashine ulionekana una dalili za mwanzo tu za maradhi haya, nao wenyewe hawakuhisi kitu. Nusu wakapewa sindano kila majuma manne kwa miaka miwili, nusu hawakupewa. Matokeo yakatangazwa mwaka 2021. Katika wale waliopewa, ni watatu tu ambao moyo wao ulizidi kuharibika. Katika wasiopewa, walikuwa 33. Dada yangu hajui kusoma takwimu, lakini watatu na thelathini na watatu anajua ni nini. Hakuuliza tena.

Vilango vilivyokwisha kuharibika sana hutengenezwa au kubadilishwa kwa kupasua. Kazi hiyo hufanywa hata hapa nchini, katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Lakini hesabuni nauli, na siku za kungoja, na nani atakayelima shamba. Mwezi wa Mei 2018, mkutano wa mataifa yote juu ya afya ulioketi Geneva ulipitisha azimio la kupigana na maradhi haya ya moyo, kwa sababu nchi tajiri karibu zimekwisha kuyasahau, na sisi ndio bado tunayazika.

Walimu, ninyi mnawaona watoto wengi kwa wakati mmoja kuliko muuguzi yeyote. Mkiona katika darasa moja watoto watatu wana koo na homa katika juma moja, leteni habari zahanati, msingoje wafike kumi. Kila mtoto awe na kikombe chake, hata kama ni kopo. Madirisha ya bweni yafunguliwe, na vitanda viachane kadiri nafasi inavyoruhusu. Maji na sabuni viwe karibu na choo na karibu na jiko. Na mtoto aliyeanza dawa leo apumzike nyumbani leo na kesho, kisha arudi akiwa hana homa, wala asinyimwe masomo kwa siku kumi kwa kuwa bado anameza vidonge. Wazee wa mji nao, nawaomba mtusaidie katika neno moja: mama akija kuomba ruhusa aache kazi ya mji ampeleke mtoto zahanati kwa ajili ya koo tu, msimwambie ni koo tu.

Mimi kalamu yangu i tayari. Zahanati hufunguliwa asubuhi, na jina la mtoto huandikwa kwa muda mfupi sana.

Namwona mzee wetu pale nyuma ameinua fimbo tangu niliposema habari ya kimeo. Sikumpuuza, nilitaka kwanza nimalize. Nakaa chini sasa, ili nimsikilize.